Karume yuko mfukoni mwako, hesabu yake iko wapi?

NDUGU msomaji, kabla hujafika mstari wa pili tia mkono mfukoni. Kama unayo sarafu ya shilingi 500, itoe uiweke juu ya meza. Upande mmoja yuko Sheikh Abeid Amani Karume. Upande wa pili yuko nyati. Huyo nyati sisi watu wa Mikumi hatuhitaji kuelezwa na mtu, tunamwona kila siku kando ya barabara ya Iringa, basi linapopunguza mwendo na abiria wageni wanapigana vikumbo dirishani kumpiga picha. Lakini Karume je? Vijana wengi wa kijiwe chetu pale stendi wanajua kwamba alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar, basi, hadithi imekwisha. Waulize kisiwa chake kina fungu gani katika benki iliyotoa sarafu hiyo. Watakucheka.

Nami nilicheka hivyo hivyo zamani. Juzi sikucheka.

Lilisimama lori la vitunguu kutoka Malolo, linakwenda Dar es Salaam, na sehemu ya mzigo ule ilikuwa ivuke bahari mpaka Unguja. Utingo wake, kijana wa hapa hapa Kilosa, alikuwa amerudi kutoka huko wiki iliyopita. Akatusimulia kwamba barazani kule alikuta wazee kwa vijana wanabishana kuhusu Benki Kuu, sarafu, asilimia, mgao. “Wale jamaa wanataka fedha yao,” akasema. Kijiwe kikalipuka. Mmoja akapiga meza: “Waacheni waende na karafuu zao! Vitunguu wanakula vyetu, umeme wanachukua kwetu, sasa wanataka na noti?” Watu wakashangilia. Mimi nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa ya moto na maneno yalikuwa mengi. Lakini jibu langu kwako, ndugu yangu uliyepiga meza, ni hili hapa. Likikuchoma, vumilia.

Kwanza hilo neno lenyewe, pesa. Unalitamka mara mia kwa siku. Unadhani lilianzia wapi huku kwetu? Lilitoka Bara Hindi likatua Zanzibar, na kutoka Zanzibar likapanda bara mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1882, ambao ni 1299 wa Hijria, Sultani Barghash aliagiza sarafu zake zifuliwe Ulaya: riyali za dhahabu na za fedha, na zile ndogo za shaba zilizochorwa mizani. Hizo za shaba ndizo pesa, na 64 kati yake zilifanya rupia moja ya Kihindi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Tabora ilikata katikati ya Usagara, ndiyo Kilosa hii yetu. Pesa za Barghash zilipita hapa kabla hajafika Mjerumani na kabla ya reli, kabla babu wa babu yako hajawaza kulipa kodi ya kichwa. Mjerumani mwenyewe alipokuja alifua sarafu zake mwaka 1890 na akaziita pesa, maana aliona hawezi kuwang’oa watu neno hilo mdomoni.

Na alipitia wapi Mjerumani? Msovero. Wilaya hii hii. Novemba 1884 Carl Peters alifika pale na karatasi, na Chifu Mangungo akatia alama yake. Kila mtoto wa shule wa Tanzania anaijua hadithi hiyo, na kila mwanasiasa akitaka kumtukana mwenzake kwa kusaini mkataba bila kuusoma, humwita Mangungo. Sisi wa Kilosa tumezoea kuona haya likitajwa jina hilo. Lakini kuna kitu mwalimu alisahau kukuambia. Moja ya kazi za karatasi za Peters ilikuwa kuonyesha Ulaya kwamba huku Usagara Sultani wa Zanzibar hana mamlaka. Barghash alipopinga mwaka 1885, jibu alilopata ni manowari za Kijerumani zilizotia nanga mbele ya kasri lake mwezi Agosti. Basi karatasi ile ya Msovero ndiyo iliyoanza kukata kamba kati ya kisiwa na bara. Historia ina utani wake: leo mjukuu wa Msovero anapiga meza akidai kisiwa kisithubutu kukata kamba wala kuuliza urefu wake.

Turudi kwenye fedha. Zanzibar ilikuwa na noti zake tangu 1908, za rupia, zimechorwa jahazi upande mmoja na wachuma karafuu upande mwingine. Hazikuwa noti za mchezo. Halafu mwaka 1936 Mwingereza aliamua kisiwa kiingie katika shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu, na Zanzibar ikawa mwanachama wa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapa naomba utulie kidogo, maana hapa ndipo mzizi wa fitina ulipo.

Bodi ile haikuwa ikichapa noti hovyo. Kila shilingi iliyotoka mkononi mwake kwa miaka mingi ilikuwa na pauni nyuma yake, zimewekwa London katika hati za serikali zinazozaa riba. Maana yake mkulima wa karafuu wa Wete aliyeshika shilingi mia, nyuma ya mia yake kulikuwa na mali halisi London. Mwenye mkonge wa Kimamba vilevile. Nchi nne zilikuwa wabia katika chungu kimoja, na kila mbia alikuwa na fungu lake.

Aprili 1964 tukaungana. Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Benki na sarafu havikuwamo kama jambo linalojitegemea. Juni 1965 likaongezwa la 12: sarafu, noti, mabenki yote na shughuli zao, pamoja na fedha za kigeni. Soma tena orodha hiyo taratibu. Ukishatoa hayo yote mkononi mwa serikali, imebaki na nini cha kuitwa uchumi? Wapo Wazanzibari wanaohoji hadi leo kama walishirikishwa ipasavyo siku lile la 12 linaandikwa. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, huyo huyo aliyekuja kuasisi chama cha upinzani mwaka 1992. Kenya na Uganda zikafungua benki kuu zao mwaka ule ule. Bodi ya zamani ikavunjwa, wabia wakagawana chungu.

Kenya ikachukua fungu lake, na Uganda ikachukua lake. Tanganyika na Zanzibar wakachukua kwa jina moja, Tanzania, na fungu likaingia Benki Kuu mpya.

Swali la barazani Unguja, lile lililomshangaza utingo wetu, ndilo hili: fungu la Zanzibar lililoingia mle ndani lilikuwa kiasi gani, na limezaa nini tangu siku hiyo? Takwimu ambayo viongozi na wasomi wa Zanzibar wamekuwa wakiitaja ni asilimia 11.02. Wanachopewa katika gawio la Benki Kuu tangu miaka ya 1990 ni asilimia 4.5, kiwango kilichowekwa kuwa cha muda. Cha muda! Mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo ana watoto wake.

Najua utakachosema. Utasema Wazanzibari ni wachache. Kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na waliokuwa Zanzibar ni milioni 1.89, yaani asilimia 3 na ushei. Kwa kichwa, basi, 4.5 ni zaidi ya haki yao, na wewe uliyepiga meza una hoja. Sikufichi. Lakini jiulize, mbia katika duka analipwa kwa idadi ya watoto alionao nyumbani au kwa mtaji aliouweka? Kama ni mtaji, basi tuoneshwe daftari la mtaji. Kama ni watoto, tuambiwe nani alipitisha kanuni hiyo na siku gani. Kinachokera ni kwamba kila mwenye madaraka anachagua kipimo kinachomfaa siku hiyo, kesho anachukua kingine.

Labda unashangaa, Benki Kuu inapata wapi faida ya kugawana? Si duka la mtu. Ndugu yangu, hakuna biashara tamu kuliko kutoa fedha. Noti ya shilingi 10,000 haigharimu shilingi 10,000 kuichapa. Benki Kuu inapoitoa, inapata kitu cha thamani ya hizo 10,000, hati ya serikali au dola, na kitu hicho kinazaa riba mwaka baada ya mwaka. Wewe uliyebeba noti hiyo kwenye soksi huzai chochote, unazeeka nayo tu. Kwa hiyo kila noti inayozunguka Darajani, Chake Chake, Kilosa mjini na hapa stendi ni mkopo usio na riba ambao sisi wananchi tumeikopesha Benki Kuu. Faida hiyo ndiyo inayogombewa. Picha ya Karume ni ya bure, Benki imeitoa bila ubahili: shilingi 200 tangu 1998, shilingi 500 tangu ile noti ya 2010 na sarafu ya 2014. Mgao wa faida ndio wenye kamati zisizokwisha.

Na tukisema faida lazima tuseme na hasara. Unaikumbuka EPA? Kama ulikuwa mdogo, muulize kaka yako. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa kutoka akaunti ya madeni ya nje ndani ya Benki Kuu, zikalipwa kwa kampuni 22. Mambo yalipigiwa kelele na wapinzani mwaka 2007, wakaitwa wazushi, kisha wakaguzi wa nje wakathibitisha na Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa gavana. Hapa bara tulipiga kelele kana kwamba zilikuwa fedha zetu peke yetu. Sasa nakuuliza, kama Zanzibar ni mbia wa asilimia 4.5, bilioni 6 za pale zilikuwa zake. Kama ni 11.02, zilikuwa karibu bilioni 15. Ulisikia mtu yeyote akivuka bahari kwenda kumwomba radhi mbia? Watu walipoteza mali bila hata kuambiwa kwamba walikuwa nayo.

Wakubwa wanapoulizwa hujibu kwamba haya yamo katika Katiba, yanashughulikiwa. Kweli yamo. Ibara ya 133 inataka iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambamo serikali mbili zitaweka michango yao kwa ajili ya mambo ya Muungano. Ibara ya 134 inataka Tume ya Pamoja ya Fedha ya kuchambua mapato na matumizi na kushauri mgao. Vifungu hivyo viliingia mwaka 1984, mwaka ule hali ya hewa ya kisiasa ilipochafuka na Aboud Jumbe akajiuzulu. Sheria ya tume ikatungwa 1996. Makamishna wakateuliwa 2003. Na ile akaunti? Mwaka 2014, miaka 30 kamili tangu Katiba iiagize, wabunge walikuwa bado wanauliza itafunguliwa lini. Wewe ukienda benki na picha mbili na barua ya mtendaji wa mtaa unafungua akaunti asubuhi moja.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi marafiki zangu wa upande wa pili wa bahari, wasije wakadhani natafuta urafiki wa bure. Mimi siamini kwamba sarafu ya Zanzibar peke yake ingekuwa dawa.

Chukua karafuu. Baada ya Mapinduzi mnunuzi akawa mmoja tu, shirika la serikali, na kwa miaka mingi mkulima wa Pemba alilipwa kijisehemu cha bei ya dunia. Ndiyo maana karafuu zilivuka usiku kwa ngalawa kwenda Mombasa kutafuta shilingi ya Kenya. Anayeyajua magendo ya Pemba anajua kwamba aliyemkaba mkulima yule hakutoka Dodoma wala Dar es Salaam, alikuwa Unguja. Kisha miaka ya 1980 Indonesia, mteja mkubwa kupita wote, ikaanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaporomoka. Hebu fikiri kisiwa kingekuwa na noti yake wakati ule, nyuma ya noti hakuna kitu ila karafuu. Noti ingeporomoka pamoja na karafuu, na mchele, unga na hivyo vitunguu vya Malolo vingenunuliwa kwa magunia ya karatasi. Leo kuna utalii, sikatai, dola zinashuka Nungwi na Paje. Lakini tuliona mwaka 2020 ugonjwa mmoja ulivyozifunga hoteli kwa wiki kadhaa tu.

Tena usidhani mtu akitoka kisiwani shilingi itapona. Shilingi yetu ilikuwa 7 na senti kwa dola Benki Kuu ilipoanza. Mwanzoni mwa 1986 dola ilikuwa shilingi 17 hivi, mwisho wa mwaka huo huo ikazidi 50, na aliyekuwa Ikulu ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais aliyetoka Zanzibar. Aliyelia Makunduchi alilia na aliyelia Kimamba. Masharti yalitoka Washington.

Watetezi wa sarafu ya kisiwa hutaja mifano, na ni mifano halali. Guernsey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa chenye serikali yake, kilitoa noti zake mwaka 1816 kulipia kazi za umma, na hadi leo kina pauni yake. Jersey hali kadhalika, na kisiwa cha Man. Hawakujitenga na Mfalme wa Uingereza na meli hazikuzama. Lakini tazama vizuri: pauni ya Guernsey imefungwa moja kwa moja na pauni ya London. Inapopanda inapanda nayo, inaposhuka inashuka nayo, na riba inaamuliwa London bila mtu wa Guernsey kuitwa kikaoni. Faida ya kutoa noti wanaipata wao, usukani hawana.

Au njoo karibu, kwa jirani zetu wa Komoro. Wana benki kuu yao tangu 1981, wana faranga yao, wana bendera. Faranga hiyo ikafungwa na ya Ufaransa, na sehemu kubwa ya akiba yao hukaa Hazina ya Ufaransa. Januari 1994 thamani yake ilikatwa kwa theluthi moja. Mngazija aliyelala na faranga 75 aliamka na za 50, na uso kwenye noti ulikuwa ule ule.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipo. Ninayemtetea ni mtu mwenye swali la haki, hata kama jibu lake la mwisho silikubali. Na wala si swali la wahaini. Tume ya Jaji Warioba iliyozunguka nchi nzima ilitoa rasimu ya pili Desemba 2013, ikapunguza mambo ya Muungano hadi 7, na sarafu na Benki Kuu ikaviacha ndani ya hayo 7. Maana yake hata waliotaka serikali tatu waliona sarafu moja inafaa. Basi hofu ya nini? Anayekataa kufungua daftari wakati mbia wake amekubali kubaki dukani ana jambo analificha.

Zanzibar haikukaa mikono mitupu, hilo nalo uliweke akilini. Mwaka ule ule wa 1966 walianzisha Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, mali ya serikali yao. Sisi bara tulitaifisha mabenki Februari 1967, tukaunda NBC kubwa kama tembo, tukaijaza madeni ya mashirika yasiyolipa, tukaivunja 1997 na kuiuza kwa Wasauzi mwaka 2000. Benki ya kisiwa ikabaki mkononi mwa wenye kisiwa, leo ina matawi hadi Dar es Salaam. Katika hili mdogo alimshinda mkubwa. Lakini Serikali yao ikitaka kukopa nje kujenga bandari au hospitali, kwa miaka yote hii imelazimika kupitia mlango wa Hazina ya Muungano, na hilo ni miongoni mwa kero zilizozeesha vikao.

Sasa wewe wa Kilosa unauliza, yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu na wewe ni mbia asiyeoneshwa daftari. Tazama mashamba ya mkonge kati ya Kilosa mjini, Rudewa na Kimamba. Mangapi yamekuwa pori? Hati zake zipo, na lawama ambayo hata mawaziri wamekuwa wakiitoa miaka nenda rudi ni kwamba wenye hati huzipeleka benki, wakachukua mkopo juu ya ardhi ya Kilosa, na fedha zikaenda kufanya kazi kwingine. Shamba likabaki na magugu na ngedere. Mdogo wangu mimi alikwenda benki moja, siitaji, kuomba mkopo wa pampu ya kumwagilia vitunguu. Akaulizwa hati. Akasema shamba ni la ukoo, tangu babu. Akaambiwa ukoo si dhamana. Akatoka pale akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayemshikia kadi ya benki, unajua mwenyewe riba yake. Pori lenye hati linakopesheka, shamba lenye vitunguu halikopesheki. Kanuni hizo hazikutungwa Kilosa.

Hapo lango la hifadhi zinapita dola kila siku, tangu hifadhi ilipotangazwa mwaka 1964, mwaka wa Muungano wenyewe. Zinaingia, zinahesabiwa, zinaondoka. Kijana wa Mikumi anaziona kama anavyoona treni ya umeme inavyopita Kilosa, kwa kasi. Na Julai 2021 walipoamka na kuweka tozo juu ya kila muamala wa simu, nani alikuja kwenye kijiwe chako kukuuliza? Ulituma 20,000 kwa mama ukakatwa, ukatukana, ukazoea. Kelele zilipozidi wakapunguza. Hiyo ndiyo hali ambayo Mzanzibari anaisema miaka yote, ila yeye ana serikali ya kumsemea na asilimia ya kuitaja. Wewe huna hata asilimia.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyepiga meza, siku nyingine lori la vitunguu likisimama na utingo akaleta habari za Unguja, usimfukuze mtu katika nchi yake. Muulize maswali. Mtaji wa 1966 ulikuwa shilingi ngapi? Kiwango cha muda kitakwisha lini? Akaunti ya Ibara ya 133 imewekewa nini, na nani mtia saini? Mgombea akija hapa stendi na fulana na kofia, mpe kipaza sauti baada ya kumuuliza hayo matatu. Katibu wa Hazina ya Zanzibar anakaa katika bodi ya Benki Kuu pamoja na mwenzake wa Muungano, kisheria kabisa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba majibu hayapo. Yapo kwenye makabrasha. Yamefungwa tu.

Siku ile mzozo wa kijiwe ulikatishwa na honi. Dereva alikuwa ameshajaza mafuta, utingo akadandia juu ya magunia, lori likashika barabara kuelekea hifadhini. Nikamlipa mama wa chai kwa ile sarafu ya mia tano niliyokuwa nimeiweka mezani. Aliigeuza, akatazama upande wa nyati, akaitumbukiza kwenye kopo pamoja na nyingine.